Dramu za sampuli: kuanza na DrumGizmo kwa kupanga sebene

Wengi tunaotengeneza muziki nyumbani tumezoea sauti moja moja. Kiki (dramu kubwa ya mguu) ina faili lake, sneya (dramu yenye nyuzi chini) lake, haihati (matoazi mawili yanayofungwa kwa mguu) lake, unazipanga kwenye visanduku 16 na mdundo unatembea. Kwa Bongo Fleva au amapiano njia hiyo inatosha, na mara nyingi ndiyo bora. Ukitaka rumba, sebene, dansi au injili ya bendi, inakwama. Msikilizaji aliyekulia kanisani, karibu na jukwaa la wapigaji, anatambua bila kuambiwa kwamba nyuma ya dramu zile hakuna mtu.

Seti ya dramu ya sampuli ni kitu kingine kabisa. Ni rekodi ya seti moja, ndani ya chumba kimoja, iliyopigwa na mtu pigo kwa pigo, huku maiki zote zikiwa wazi. Sneya ikipigwa, maiki yake inaisikia. Ya tomu iliyo jirani inaisikia pia, na zile zinazoning'inia juu zinaisikia pamoja na kuta na dari. Plagini, yaani programu ndogo inayofanya kazi ndani ya programu ya kurekodia, inazirudisha sauti zote hizo kwa pamoja. Ukilishika hilo tangu mwanzo, makosa mengi yanakuepuka, kwa sababu unaacha kutafuta kiki nzuri na unaanza kujiuliza mpigaji angekaaje na angepigaje.

Kwa kuanzia napendekeza DrumGizmo. Ni ya bure, ni programu huria, inafanya kazi kwenye Linux na Windows, na haifichi kitu: kila maiki inakuja kwenye chaneli yake, bado mbichi. Zipo plagini rahisi zaidi. MT Power Drum Kit 2 nayo ni ya bure, na sauti zake zimeshapikwa tayari kwa miksi. Kama una demo ya kumaliza leo jioni, chukua hiyo. Kama unataka kujifunza dramu zinavyorekodiwa na kuchanganywa, DrumGizmo itakufundisha zaidi.

Kupakua, na kwa nini mafaili ni makubwa

DrumGizmo yenyewe ni ndogo. Kinachokula bando ni seti, na seti zinapakuliwa peke yake: DRSKit, CrocellKit, MuldjordKit, Aasimonster. CrocellKit inafaa metali. Anza na DRSKit, inakubali mitindo mingi.

Piga hesabu uone ukubwa unatoka wapi. Sekunde moja ya sauti ya mono, biti 24, kwa 44.1 kHz, ni baiti 132,300. Chukua sneya iliyopigwa mara 48, kuanzia mguso mdogo hadi pigo la nguvu zote, kila pigo likiachwa lilie sekunde 3, na maiki 12 zikirekodi. Hizo ni sekunde 1,728, yaani karibu MB 229 kwa sneya peke yake. Ongeza kiki, tomu, haihati katika hali zake zote, na matoazi yanayolia sekunde nyingi kabla ya kunyamaza. Kwa hiyo tumia programu ya kupakua inayoweza kuendelea pale ilipokatikia, na ukishamaliza weka nakala ya faili lililobanwa kwenye diski ya nje ili usinunue bando mara mbili kwa kitu kilekile.

Lifungue faili lote, hadi mwisho, mahali ambapo hutahamisha tena. Ndani ya folda kuna mafaili ya xml na folda za sampuli. Faili la xml linajua sampuli ziko wapi kwa kufuata mpangilio wa folda hiyo. Ukilitoa peke yake ukaliweka kwenye eneo-kazi, halitapata sauti hata moja.

Kuhusu RAM: plagini inaweza kusoma sampuli moja kwa moja kutoka diski wakati wimbo unacheza, huku ikishikilia mwanzo wake tu kwenye kumbukumbu. Kipengele hicho kinaitwa "Disk streaming". Kwenye SSD kinafanya kazi vizuri. Kwenye diski ya kuzunguka, hasa ikiwa imejaa, utasikia mikwaruzo au mapigo yatapotea. Kompyuta ya GB 4 ifungulie toleo dogo la seti. DRSKit ina mafaili kadhaa ya seti ndani ya folda moja, kuanzia lenye vyombo vichache hadi DRSKit_full.xml. Kwa mazoezi ya mwanzo, toleo dogo halikupunguzii chochote cha maana.

Kuifungua ndani ya Reaper

Natumia Reaper, programu ya kurekodi na kuchanganya muziki, kama mfano kwa sababu inapatikana kwa Linux, Windows na Mac, majaribio yake ya siku 60 hayana kipengele kilichofungwa, na haisumbuki na plagini yenye chaneli nyingi. Kwenye Windows, weka faili la plagini kwenye folda ya VST (aina ya plagini) ambayo Reaper inaikagua, kisha iambie ikague upya.

Fungua menyu ya Track, chagua "Insert virtual instrument on new track", chagua DrumGizmo. Reaper itakuuliza kama ikutengenezee traki kwa kila njia ya kutokea. Kubali. Utapata traki 16. Usiogope wingi wake, kwa sababu huo ndio utajiri wenyewe.

Sasa dirisha la plagini. Kuna nafasi mbili za kupakia faili, na hapa ndipo wanaoanza wengi wanakata tamaa. Ya kwanza ni faili la seti, kwa mfano DRSKit_full.xml. Ya pili ni faili la ramani ya MIDI (MIDI ni ujumbe wa noti, si sauti), kwa mfano Midimap_full.xml, lililo ndani ya folda hiyohiyo. Ukipakia seti bila ramani, kila kitu kitaonekana kizima, mstari wa upakiaji utajaa, na hakuna sauti itakayotoka. Plagini inazo sampuli zote lakini haijui noti ipi ni ya chombo kipi. Pakia yote mawili, usubiri upakiaji uishe, ndipo ubonyeze kitufe cha kinanda.

Ukiwa na ramani na bado kimya, fungua ramani hiyo kwa kihariri cha maandishi cha kawaida. Ndani utaona mistari inayotaja namba ya noti na jina la chombo. Ni maandishi tu. Unaweza kubadilisha namba, ukahifadhi kwa jina jipya, ukapakia upya. Kinanda chako kikituma noti 40 pale unapotaka sneya, hapa ndipo pa kurekebisha.

Jambo moja zaidi. Mradi wako ukiwa 48 kHz na seti ikiwa 44.1, hakikisha ubadilishaji wa "Resampling" umewashwa. Ukizimwa, dramu zote zinapanda karibu nusutoni moja na nusu na kulia kwa muda mfupi zaidi. Sneya inasikika kama ya mtoto na matoazi yanakuwa membamba, nawe unalaumu seti bure.

Bafa

Bafa ni kipande cha sauti ambacho kompyuta inakiandaa kabla ya kukitoa. Hupimwa kwa sampuli, na hapa sampuli ni vipimo vidogo vya wimbi, si zile rekodi za mapigo. Kwa 44.1 kHz, bafa ya sampuli 128 ni milisekunde 2.9, 256 ni 5.8, 512 ni 11.6, na 1024 ni 23.2. Ucheleweshaji unaousikia unazidi hapo kidogo kwa sababu ya kadi ya sauti yenyewe. Ukipiga kwa vidole kwenye kinanda cha MIDI au padi, 128 au 256 inafaa. Ukichora noti kwa kipanya, acha 1024 na uipe kompyuta nafasi ya kupumua. Kwenye Windows bila kadi ya nje, draiva ya ASIO4ALL inasaidia sana.

Noti na majina yake

Ramani nyingi zinafuata mpangilio wa General MIDI wa mwaka 1991 (orodha ya pamoja ya noti ipi ni chombo kipi), au zinakaribiana nao. Zishike hizi kichwani: kiki 36, ukingo wa sneya 37, sneya 38, haihati iliyofungwa 42, haihati ya mguu 44, haihati iliyo wazi 46, tomu ya sakafuni 43, tomu za juu 47, 48 na 50, krashi (toazi la mshindo) 49, raidi (toazi la kushikilia mdundo) 51, kengele ya raidi 53. Halafu linganisha na ramani ya seti yako, maana seti kubwa huongeza vyombo ambavyo General MIDI haikuvifikiria, kama krashi kupigwa kwa ncha ya kijiti tofauti na kupigwa kwa shina lake.

Amini namba kuliko jina la noti. Noti 36 inaitwa C1 kwenye Ableton Live, C3 kwenye FL Studio, na programu nyingine zinaiita C2. Mtu akikuambia "kiki iko C1" na wewe uko FL Studio, utatafuta oktava mbili chini ya mahali ilipo na hutapata kitu.

Urefu wa noti hauna kazi hapa, kwa sababu pigo likishapigwa linalia hadi mwisho wake. Chora noti fupi tu. Noti mbili za chombo kimoja zikipandana, ya pili inaweza kumezwa. Haihati ndiyo tofauti: iliyofungwa inanyamazisha iliyo wazi, kama mguu unavyofanya, mradi seti imeziweka kwenye kundi moja.

Zoezi: baa moja ya sebene

Weka mwendo 120, yaani hesabu 120 kwa dakika. Gawa baa katika visanduku 16. Kila kisanduku ni milisekunde 125. Kiki iende kwenye kila hesabu: visanduku 1, 5, 9 na 13. Sneya ifuate mchoro huu wa soukous:

x . . x . . x . . . x x . . . .

Yaani visanduku 1, 4, 7, 11 na 12. Haihati iliyofungwa iwe kwenye visanduku vyote vya namba witiri, kuanzia 1 hadi 15.

Cheza vyote vikiwa na nguvu 127, ambayo ndiyo ya juu kabisa kwenye MIDI. Utasikia roboti, na utaelewa kwa nini watu husema dramu za kompyuta hazina roho. Sasa gusa nguvu za mapigo tu, usihamishe noti hata moja. Sneya: 100, 78, 92, 84, 110. Haihati: zile zinazoangukia kwenye hesabu zipe 90, za katikati 60 hadi 66, na usizifanye zilingane. Kiki: 104, 98, 102, 97. Cheza tena. Tofauti ni kubwa kuliko utakayoipata kwa kompresa yoyote (kifaa cha kubana sauti kubwa).

Sababu iko kwenye sampuli. Nguvu ya pigo haiongezi sauti tu, inachagua rekodi nyingine. Sneya iliyopigwa kwa 40 ina nyuzi nyingi za chini na ngozi kidogo. Kwa 110 ina mlio wa chuma na chumba kizima kinaitika. DrumGizmo inapima nguvu ya kila pigo lililorekodiwa na kuchagua kati ya yale yanayokaribiana na ulichoomba, ili pigo lilelile lisijirudie mfululizo. Plagini inayojirudia inatoa ule mrindimo wa bunduki, hasa kwenye roli za sneya.

Ongeza mapigo ya siri ya sneya, nguvu 22 hadi 38, kwenye visanduku vya 6 na 14. Yasisikike kama mapigo. Ukiyazima, yasikike kama kuna kitu kimepungua. Hapo yako sawa.

Usinakili baa hiyo mara 32. Tengeneza baa nne zinazotofautiana kidogo: kwenye ya pili ondoa pigo moja la siri, kwenye ya nne fungua haihati (46) kwenye kisanduku cha 15 na uifunge kwenye 1 ya baa inayofuata. Sebene inabeba dakika nyingi kwa mchoro mmoja, na kinachoushikilia ni hayo madogo.

Muda, na vidhibiti vya ubinadamu

DrumGizmo ina vidhibiti viwili vya kumfanya mpigaji awe mtu. Kimoja ni cha nguvu: mapigo yanayofuatana haraka yanapungua kidogo, kama mkono unaochoka. Kingine ni cha muda: kinayumbisha mapigo mbele na nyuma, na kina kitufe cha "Laidback" cha kuyachelewesha yote. Cha nguvu kiwashe kwa kiasi. Cha muda kizime unapopiga moja kwa moja, kwa sababu kinahitaji kusubiri kabla ya kutoa sauti, nawe utahisi dramu zinakuburuta.

Kwa mdundo wa dansi, kuyumbisha bila mpangilio hakufai, na hapa nina msimamo mkali. Mpigaji mzuri hayumbi ovyo. Ana mahali pake. Acha kiki kwenye gridi. Sogeza sneya nyuma milisekunde 5 hadi 8, zote kwa kiasi kinacholingana. Haihati iache ilipo. Ukiwa FL Studio, kumbuka kipimo chake cha kawaida ni tiki 96 kwa hesabu, kwa hiyo kwa mwendo wa 120 tiki moja ni milisekunde 5.2. Ni hatua pana mno kwa kazi hii. Panda hadi 192 au 384 kwenye mipangilio ya mradi.

Halafu hesabu viungo. Mpigaji ana mikono miwili na miguu miwili. Krashi ikipigwa pamoja na sneya, hakuna mkono wa haihati kwenye kisanduku hicho, kwa hiyo ifute. Akizunguka tomu, haihati inabaki ya mguu tu (44). Haihati ya visanduku vyote 16 kwa mwendo wa 120 ni mapigo 8 kwa sekunde, kazi ya mikono miwili, maana yake mkono wa sneya unaacha haihati kila unapoenda kwenye sneya. Wasikilizaji hawahesabu mikono, lakini masikio yao yanajua.

Ukitumia kinanda kidogo cha MIDI, rekodi baa chache ukipiga kwa nguvu zako zote, kisha tazama namba. Vinanda vingi vya bei nafuu havifiki 127 bila kuvitwanga. Rekebisha mwitikio wa kinanda, au pandisha nguvu zote kwa pamoja baada ya kurekodi, la sivyo mapigo ya juu ya seti hutayasikia kamwe.

Kuchanganya: anzia juu

Kosa la kawaida ni kuanza na maiki za karibu: kiki, sneya, tomu, moja baada ya nyingine, kisha kutupia maiki za juu mwishoni ili matoazi yasikike. Fanya kinyume. Zima zote, panua maiki mbili za juu kushoto na kulia, upandishe. Tayari unasikia seti nzima kama ilivyokuwa chumbani. Sasa ongeza kiki hadi ipate kifua, kisha sneya hadi isogee mbele, kisha tomu. Maiki za chumba ziingie mwisho, kwa kiasi ambacho ungekikosa zikizimwa.

Sauti husafiri mita 1 kwa takriban milisekunde 2.9. Maiki ya juu iliyo mita 1.2 kutoka kwenye sneya inapokea pigo milisekunde 3.5 baada ya kutoka. Pengo hilo ni sehemu ya ukubwa wa seti. Usijaribu kusogeza chaneli moja moja ili mawimbi yapangane kwa macho. Ukiisogeza kwa ajili ya sneya, umeiharibu kwa kiki na tomu. Unachopaswa kujaribu ni kitufe cha kugeuza polariti (kulipindua wimbi juu chini), hasa kwenye maiki ya chini ya sneya, inayosikia ngozi ikija wakati maiki ya juu ya sneya inaisikia ikiondoka. Sikiliza kwa mono, geuza, rudisha, uchague upande wenye besi nene zaidi.

Kwa ikwalaiza (kupandisha au kushusha besi, sauti za kati na za juu) ya kuanzia: kiki, tafuta uzito kati ya 50 na 80 Hz, punguza 300 hadi 400 ikilia kama boksi, na ongeza kidogo 3 hadi 5 kHz. Hiyo ya mwisho usiipuuze, kwa sababu wasikilizaji wengi wanatumia simu, na spika ya simu haitoi 60 Hz. Bila ule mguso wa juu, kiki yako kwao haipo. Sneya ina mwili karibu na 200 Hz. Maiki za juu usizikate besi hadi 500 Hz kama wengi wanavyofanya. Hizo ni picha ya seti nzima, na ukizikata hivyo zinabaki matoazi matupu. Kata chini ya 80 au 100 basi.

Sauti ya sneya ikizidi kuvuja kwenye maiki za tomu, punguza kwa kidhibiti cha "Bleed" ndani ya plagini kabla ya kufikiria geti (kifaa kinachonyamazisha sauti ndogo). Usikifikishe sifuri. Ukiondoa uvujaji wote, unarudi kwenye sauti moja moja ulizozikimbia.

Tuma dramu zote kwenye traki moja ya kundi. Kompresa ya 4:1, mwanzo (attack) milisekunde 30, kuachia (release) 100, ipunguze desibeli 2 hadi 3 tu kwenye mapigo makubwa. Mwanzo ukiwa mfupi sana, kichwa cha pigo kinabanwa na sebene inapoteza miguu yake. Mwangwi wa kuongeza uache hadi usikie gitaa na sauti za waimbaji, maana chumba kimo tayari ndani ya rekodi.

Kutoa mafaili

Ukipeleka kazi studio nyingine, toa kila chaneli kama WAV ya biti 24, zote zianze kwenye sekunde sifuri, bila kompresa ya kundi. Acha sekunde 5 mwishoni ili krashi imalizike kulia. Baada ya kutoa, sikiliza mafaili yenyewe toka mwanzo hadi mwisho. Reaper hutoa sauti haraka kuliko wimbo unavyocheza, na diski ikiwa nzito sampuli nyingine hazifiki kwa wakati, hivyo faili linakosa mapigo uliyoyasikia vizuri dakika moja iliyopita. Ikitokea, badilisha mpangilio wa utoaji uwe "Online render", usubiri urefu wa wimbo mzima, na mapigo yatarudi.